Daftari la hisa lililolala

“Mwanangu, kompyuta inaniambia nina hisa elfu mbili za CRDB. Dalali ananiambia nina elfu mbili na mia nne. Sasa hapo mwongo nani?”

Aliyeniuliza ni mwalimu mstaafu, jirani yetu. Mwaka 2010 mwanawe alimwekea programu ya GnuCash, akamfundisha kuandika mapato, matumizi na hisa zake. Mwalimu aliandika kwa nidhamu ya kiualimu, bila kuruka wiki. Baadaye kijana akahamishiwa mkoani, kompyuta ikaharibika na kutengenezwa, shughuli zikazidi. Sehemu ya hisa ikabaki ilipoishia mwaka 2013. Akaunti ya benki aliendelea kuiandika hadi 2016, kisha nayo ikalala.

“Hakuna mwongo, Mwalimu,” nilimjibu. “Kompyuta inarudia ulichoiambia siku ile. Dalali anasema cha leo. Katikati kuna jambo limepita, tulitafute.”

Tulilipata, na nitaeleza lilikuwa wapi. Lakini kwanza nizungumze nawe, msomaji mwenye faili kama lile: hisa ulizonunua zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT unavyochangia kila mwezi kwa simu, labda na hatifungani moja ya serikali, vyote vimo kwenye programu, na vyote vimeachwa miaka mitano au kumi. Nimeifanya kazi ya kuyafufua mafaili ya namna hiyo, langu likiwa la kwanza. Inawezekana kabisa, na kwa mtu wa kawaida ni kazi ya Jumamosi mbili au tatu. Wengi huishindwa kwa sababu moja tu: wanaanzia mahali pasipofaa.

Mifano yangu nitaitoa kwenye GnuCash, kwa kuwa ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inakubali shilingi yetu bila taabu. Ukitumia Quicken au nyingine yoyote, vitufe vitakuwa na majina tofauti lakini kazi ni ile ile. Kama kumbukumbu zako ziko kwenye Microsoft Money, ambayo iliacha kuuzwa mwaka 2009, ichukulie kazi hii kuwa pia nafasi ya kuhama.

Anza na leo

Ukifungua faili la zamani, mkono hutaka kuendelea pale ulipoishia: muamala wa kwanza uliokosekana, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka ufike leo. Usiufuate. Utamaliza siku nzima ukitafuta risiti moja ya Machi 2014, utachoka, na faili litalala tena, safari hii likiwa limeandikwa nusu. Faili la nusu ni baya kuliko lililolala lote, maana huwezi tena kujua ni wapi pa kuamini.

Jua kwanza una nini mkononi leo. Kisha rudi nyuma ukieleza ulivyokipata.

Cha mkononi hukitafuti kwenye makabrasha yako, unakiuliza kwa anayetunza rejista. Hisa zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zinatunzwa na CSDR, kampuni tanzu ya soko. Dalali wako anaweza kukutolea taarifa ya umiliki kwa namba yako ya CDS, yaani ya akaunti yako ya hisa, na waliojisajili kwenye DSE Hisa Kiganjani huanzia kwenye simu zao. UTT AMIS hutoa taarifa ya akaunti kwa kila mfuko. Hatifungani, ulizia benki au dalali aliyekuwakilisha kwenye mnada wa Benki Kuu. Kwa mwekezaji wa Nairobi au Mombasa, rejista iko CDSC, na dalali au benki yako ndiyo njia ya kuifikia.

Taarifa zote ziwe za tarehe moja. Tarehe 31 Desemba iliyopita inafaa, au 30 Juni, bora iwe mwisho wa mwezi na iwe moja kwa vyote. Ukichanganya taarifa ya hisa ya Machi na ya vipande ya Septemba, utajikuta unatafuta tofauti ambayo haipo.

Halafu chukua karatasi, ndiyo, karatasi, uchore safu tatu. Ya kwanza jina la uwekezaji, ya pili idadi inayosomeka kwenye taarifa rasmi, ya tatu idadi inayosomeka kwenye programu. Bei usiiandike. Thamani usiiandike. Idadi ya hisa ndiyo mhimili wa kazi yote, na bei ikiingia mapema inavuruga macho: utaona thamani imekaribiana ukadhani hesabu imekubali, kumbe hisa zimepungua na bei imepanda.

Kabla hujagusa kitu, toa nakala rudufu ya faili, uipe jina lenye tarehe ya leo, uihamishie kwenye flashi au kompyuta nyingine. GnuCash huhifadhi nakala zake yenyewe kila unapohifadhi, lakini isipobadilishwa mipangilio huzifuta baada ya siku 30, na kazi yako inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Tofauti ni habari

Mwalimu alikuwa na safu tatu hizo mbele yake. Mstari wa CRDB ulisema 2,400 upande mmoja na 2,000 upande wa pili. Njia ya mkato ilikuwa wazi: kuandika muamala mmoja wa hisa 400, kuutupa kwenye mtaji wa kuanzia, na hesabu ikubali. Nilimwomba asifanye hivyo.

CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja, na ikaorodheshwa sokoni Juni mwaka huo. Mwalimu alinunua 2,000, shilingi 300,000. Mwaka 2015 benki hiyo iliongeza mtaji kwa kutoa hisa mpya na kuwapa wanahisa wake nafasi ya kwanza ya kuzinunua: hisa moja mpya kwa kila tano ulizonazo, kwa shilingi 350. Gawanya 2,000 kwa tano, unapata 400. Zile zile zinazokosekana.

“Mwalimu, mwaka 2015 ulilipa shilingi 140,000 mahali?”

Alifikiri kidogo. “Nililipa benki. Nilijaza fomu.”

Tukafungua akaunti ya benki kwenye programu, tukashuka hadi 2015. Muamala ulikuwepo, shilingi 140,000, na upande wa pili umeandikwa “Matumizi mengine”. Alikuwa amenunua mali na kuiandika kama mtu aliyenunua kitoweo. Hakukuwa na haja ya kuandika muamala mpya. Tulibadilisha akaunti ya upande wa pili kutoka “Matumizi mengine” kwenda “Hisa za CRDB”, programu ikauliza kiasi hicho ni hisa ngapi, tukaandika 400. Basi. Idadi ikafika 2,400, matumizi ya 2015 yakapungua kwa 140,000, na gharama yake kamili ikajulikana: shilingi 440,000, wastani wa shilingi 183 na senti 33 kwa hisa.

Kama tungetupia zile hisa 400 kwenye mtaji wa kuanzia, salio la hisa lingekubali na ile 140,000 ingebaki kwenye matumizi milele. Ndiyo maana nasema tofauti ni habari. Kabla hujaandika chochote kipya, pekua akaunti ya benki na ya simu kwa muamala ambao tayari upo chini ya jina lisilo lake. Tafuta “Mengineyo”, tafuta “Binafsi”, tafuta jina la dalali. Na kama unaona kwenye GnuCash akaunti iitwayo Imbalance-TZS ambayo hukuifungua wewe, jua programu iliifungua yenyewe ulipoandika muamala wa upande mmoja. Pitia mstari kwa mstari. Mara nyingi nusu ya majibu yamelala humo.

Si kila hisa iliyoongezeka imelipiwa. Kampuni ikigawanya hisa zake, idadi inapanda na hakuna senti iliyotoka. KCB ya Kenya ilizigawanya mwaka 2007, moja ikawa kumi. Equity ikafanya hivyo hivyo mwaka 2009. Mwenye hisa 300 za Equity aliyelala kabla ya mgawanyo ataamka akute 3,000, na asifurahi mno, kwa sababu bei nayo ilikatwa kwa kumi. GnuCash ina msaidizi maalumu wa mgawanyo wa hisa: unampa tarehe na idadi iliyoongezeka, yaani 2,700, na gharama inabaki ile ile ya mwanzo. Hisa za bonasi ziandike kwa njia hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni kuziandika kama ununuzi kwa bei ya sokoni, jambo linalokuzushia gharama ambayo hukuilipa.

Na zipo zilizotoweka. Acacia, iliyoingia soko la Dar es Salaam mwaka 2011 kwa jina la African Barrick Gold, ilichukuliwa yote na Barrick Septemba 2019. KenolKobil ya Kenya ilinunuliwa mwaka huo huo na Rubis ya Ufaransa kwa shilingi 23 za Kenya kwa hisa. Ukiwa na mstari wa namna hiyo kwenye programu, usiufute. Andika mauzo kwa tarehe ya ununuzi ule, kisha tafuta fedha ziliingia akaunti gani. Usipoziona, hilo ni swali la kumpelekea dalali kesho asubuhi.

Urudi nyuma hadi wapi?

Hadi kwenye gharama ya kununua, basi. Miaka ya katikati ambayo hukununua wala kuuza haina deni na wewe, ukiacha gawio ambalo nitalifikia.

Gharama ya hisa zilizonunuliwa siku ya kwanza ni rahisi kuipata kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa bei ilikuwa moja kwa wote: NMB shilingi 600 mwaka 2008, CRDB 150 mwaka 2009, Vodacom Tanzania 850 mwaka 2017, na Safaricom shilingi 5 za Kenya mwaka 2008. Unachohitaji kukumbuka ni idadi uliyopewa. Kumbuka pia kwamba idadi uliyoomba siyo lazima iwe uliyopata. Wengi walioomba Safaricom walirudishiwa sehemu kubwa ya fedha zao, na kama uliandika malipo ya mwanzo ukasahau kuandika marejesho, gharama yako inaonekana kubwa mara kadhaa ya ukweli.

Hisa zilizonunuliwa sokoni baadaye zina hati ya ununuzi kutoka kwa dalali, yenye bei, kamisheni na ada. Vyote hivyo ni gharama. Dalali akiombwa kwa barua pepe yenye namba ya CDS na mwaka, aghalabu hupata nakala.

Ikishindikana kabisa, weka makadirio, na kwenye maelezo ya muamala andika neno “makadirio”, tarehe ya leo, na ulivyoyapata. Mtu atakayesoma baada yako, pengine ni wewe mwenyewe baada ya miaka mitano, anastahili kujua kipi ni ushahidi na kipi ni kisio. Makadirio yaliyotajwa hayana ubaya. Ninayoyakataa ni yale yaliyofichwa.

Kwa ndugu zetu walio Uingereza hili ni zaidi ya unadhifu. Mamlaka ya kodi ya huko, HMRC, kwa kawaida hukokotoa faida ya mauzo kwa wastani wa gharama ya hisa zote za aina moja katika kampuni, kwa hiyo ununuzi mmoja uliosahaulika unabadilisha jibu lote.

Gawio

Hapa ndipo watu hupoteza zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Gawio huingia benki kimyakimya, mara moja au mbili kwa mwaka, likachanganyika na mshahara na marejesho ya mkopo wa shemeji. Asiyeliandika hulitumia bila kujua limetoka wapi. CRDB ililipa shilingi 36 kwa hisa kwa mwaka wa hesabu 2021, shilingi 45 kwa 2022, shilingi 50 kwa 2023 na shilingi 65 kwa 2024. Jumla ni shilingi 196 kwa kila hisa. Kwa hisa 2,400 za Mwalimu hiyo ni shilingi 470,400, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa, zinabaki 446,880. Alinunua hisa zake zote kwa 440,000. Miaka minne ya gawio imerudisha mtaji wake wote na chenji juu, na programu yake haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu hilo.

Namna ya kuliandika: usiandike tu kiasi kilichoingia benki. Chukua mwaka wa 2023. Hisa 2,400 mara shilingi 50 ni 120,000. Hiyo iingie kwenye mapato, akaunti ya “Gawio: CRDB”. Shilingi 6,000 ziende kwenye “Kodi ya zuio”. Shilingi 114,000 ziingie benki. Muamala mmoja, mistari mitatu. Ukifanya hivyo unaweza kuulinganisha na tangazo la kampuni kwa jicho tu, kwa sababu tangazo husema kiasi kabla ya kodi na benki huonyesha kiasi baada ya kodi, na watu wengi hudhani wamepunjwa kwa kutojua tofauti hiyo.

Angalia tarehe mbili. Tarehe ya kufunga rejista ndiyo inayoamua ulipwe kwa hisa ngapi. Tarehe ya malipo ndiyo unayoiandika kwenye programu. Na mwaka wa hesabu si mwaka wa malipo: gawio la 2023 lililipwa 2024. Ukitafuta kwenye taarifa ya benki ya mwaka usio wake, utasema halikuja.

Kuna mwaka pia ambapo kweli halikuja. Mwalimu tulimkuta na pengo moja: alikuwa amefunga akaunti ya benki ya zamani bila kumjulisha dalali, na malipo yakakosa pa kutua. Alipeleka kitambulisho na maelekezo mapya ya malipo, na fedha zikaja. Tusingeorodhesha mwaka kwa mwaka, tusingeliona. Kwa hiyo chora orodha: kila kampuni, kila mwaka, gawio lililotangazwa, idadi ya hisa ulizokuwa nazo, kiasi kinachotarajiwa, kiasi kilichoingia. Mwenye Safaricom asisahau gawio maalumu, la senti 68 mwaka 2016 na la senti 62 mwaka 2019, maana hayo yalikuja juu ya gawio la kawaida na watu huyaruka.

Mahali ambapo taarifa za benki za zamani hazipatikani, andika gawio la miaka ile kwa jumla, muamala mmoja kwa mwaka. Mimi binafsi nikifika miaka kumi nyuma husimama.

Vipande na hatifungani

Vipande vya mifuko ya UTT AMIS vina desimali. Kabla ya kuingiza chochote, fungua maelezo ya mfuko kwenye programu uhakikishe inakubali tarakimu nne baada ya nukta, la sivyo kila ununuzi utakosea kidogo na mwisho wa mwaka utakuwa na tofauti isiyo na jina. Akaunti iwe ya aina ya mfuko wa uwekezaji, na kila mfuko na akaunti yake. Umoja na Jikimu visichanganywe: Jikimu ni mfuko wenye utaratibu wa kugawa mapato, na mapato hayo yaandikwe kama gawio, wakati faida ya Umoja hukaa ndani ya bei ya kipande na haina muamala wowote mpaka utakapouza.

Kama ulichangia shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka sita, una miamala 72 ya kuandika. Usiiandike. Tumia taarifa ya akaunti, uandike muamala mmoja kwa kila mwaka: shilingi 600,000 zimetoka, vipande kadhaa vimeingia, kama jumla ya taarifa inavyosema. Utapoteza usahihi kidogo wa kiwango cha faida, lakini idadi na gharama zitakuwa kweli. Mwaka huu wa sasa peke yake ndio uandike mwezi kwa mwezi, ili ujenge mazoea.

Hatifungani ina mtego mmoja. Tuseme mwaka 2020 ulinunua hatifungani ya miaka 20, ya riba ya asilimia 15.49, yenye thamani ya shilingi milioni 10, ukailipia shilingi 97 kwa kila 100. Uliyotoa ni 9,700,000. Watu huandika milioni 10 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye hati, kisha wanashangaa benki haikubali kwa 300,000. Andika ulicholipa. Zile 300,000 ni faida utakayoipata siku ya kuiva. Riba ni milioni 1 na 549,000 kwa mwaka, inalipwa mara mbili, 774,500 kila baada ya miezi sita, na kwa kuwa kiasi na tarehe havibadiliki, hili ndilo jambo rahisi kuliko yote kulifufua: weka muamala wa kujirudia, uanzie tarehe ya riba ya kwanza, kisha ulinganishe na benki. Riba hiyo iandikwe kama mapato. Nimeona mtu akiipunguza kwenye thamani ya hatifungani kana kwamba anarudishiwa mkopo wake kidogo kidogo, na baada ya miaka saba hatifungani ikabaki na thamani hasi.

Bei ziwe za mwisho

Idadi zikishakubali zote, ndipo uingize bei. Huhitaji bei za kila siku kwa miaka minane iliyopita. Ingiza bei ya kufungia ya tarehe uliyoichagua, na ukipenda ya kila 31 Desemba ili uweze kuona mwenendo. Bei za Dar es Salaam mimi huziingiza kwa mkono kwenye orodha ya bei, na kwa kampuni nne na mifuko miwili hainichukui hata robo saa.

Jihadhari na jambo moja. Bei ikishuka, usiandike hasara. Ikipanda, usiandike mapato. Aliyenunua Vodacom kwa 850 mwaka 2017 ameiona bei ya sokoni ikikaa chini ya hapo kwa miaka, na inauma. Lakini mpaka auze, hilo linaonekana kwenye ripoti ya uwekezaji, halimo kwenye daftari. Programu inafanya kazi hiyo yenyewe ukishaipa bei.

Sasa toa ripoti ya tarehe uliyoichagua, uiweke kando ya taarifa rasmi. Idadi zote zifanane, hadi desimali ya mwisho ya vipande. Zikifanana, weka alama kwenye akaunti kwamba zimelinganishwa hadi tarehe hiyo, toa nakala rudufu nyingine, na kuanzia hapo usirudi nyuma tena. Kazi inayobaki ni ndogo: nusu saa kila baada ya miezi mitatu, na nusu saa ya ziada katikati ya mwaka, baada ya mikutano mikuu ya wanahisa, gawio linapolipwa.

Ukurasa mmoja wa kuchapisha

Mwalimu hakuniita kwa ajili ya hisa 400. Aliniita kwa sababu mwenzake wa zamani kazini alikuwa amefariki, na watoto wa marehemu walimuuliza kama anajua baba yao alikuwa na hisa za kampuni gani. Hakujua. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anaweza kufuatilia hisa za marehemu hadi zihamishwe kwa warithi, lakini lazima kwanza ajue zipo. Kenya ilitunga sheria mahsusi mwaka 2011 na kuunda mamlaka ya kushughulikia mali za kifedha zisizodaiwa, gawio likiwemo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi mwenyewe hayupo tena kuisikia hiyo habari.

Kwa hiyo tulipomaliza tulichapisha ukurasa mmoja: namba ya CDS, jina la dalali, idadi ya hisa kwa kila kampuni, namba za akaunti za UTT AMIS, hatifungani na tarehe ya kuiva, akaunti ya benki ambako gawio huingia, na mahali lilipo faili la GnuCash. Nywila hazimo. Ukurasa ule uko kwenye bahasha ya hati ya kiwanja, na nakala yake anayo mwanawe.

Kama mzazi wako aliwahi kununua hisa za NMB mwaka 2008 au za CRDB mwaka 2009, mpigie simu wiki hii, msalimie, kisha mwombe akusomee namba yake ya CDS uiandike.